Bunju, Koboko na Neva Zetu

Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, manahodha na wavuvi mlioacha vyombo ufukweni asubuhi hii, wakulima wetu, na nyinyi wanafunzi ambao siku hii ya sayansi ni yenu: Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya mfumo wa neva, yaani mishipa ya fahamu. Mwalimu wa biolojia alinipa muhtasari wa somo ili nisitoke nje ya mstari, nami nimeusoma. Unaanza na ubongo, unaugawa mafungu, kila fungu na jina lake la Kilatini, na ninavyokumbuka ujana wangu, mwanafunzi hufika kwenye ugwe-mgongo, ile kamba ya neva iliyomo ndani ya uti wa mgongo, keshasinzia. Kwa ruhusa ya mwalimu, leo nitapita njia nyingine. Nitaeleza neva kwa kupitia vitu vinavyoziharibu, ambavyo wengi humu ukumbini mnavijua kuliko mimi: samaki bunju, nyoka aina ya fira na koboko, dawa za kupulizia mboga, kidonda cha msumari, mihogo michungu. Kila kimoja hugusa hatua chache tu za kazi ya neva na kuziacha nyingine zikiwa nzima. Ukijua kila kimoja kinagusa wapi, utakuwa umeelewa mfumo wenyewe, tena utajua la kumfanyia mgonjwa kabla gari halijafika. Hili la mgonjwa ndilo hasa lililonileta.

Tuanze na hesabu kidogo. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo wa binadamu una seli za neva bilioni 100, na kila mwandishi alimnukuu mwenzake bila kuuliza nani alizihesabu. Mwanasayansi wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake wakaamua kuhesabu kweli. Walichukua ubongo wa marehemu, wakauvunjavunja hadi ukawa kimiminika, wakahesabu viini vya seli katika sampuli ndogo, na mwaka 2009 wakatoa jibu: takriban bilioni 86. Kati ya hizo, kama bilioni 69 zimesongamana kwenye ubongo mdogo ulioko kisogoni, unaokuwezesha kusimama kwenye ngalawa bila kuanguka. Tabaka la juu, tunalojisifia kwamba ndilo lenye akili, lina bilioni 16 hivi.

Ubongo wote una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyetulia. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutumika kusukuma chumvi.

Naam, chumvi. Nje ya kila seli ya neva kuna sodiamu nyingi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi. Tofauti hiyo hailetwi na bahati. Kwenye utando wa seli kuna pampu za protini zisizolala usiku wala mchana. Kila zinapopiga mara moja hutoa chembe 3 za sodiamu nje na kuingiza chembe 2 za potasiamu. Jens Skou wa Denmark alizigundua mwaka 1957 kwa kuchunguza neva za miguu ya kaa, na alingoja hadi 1997 kupewa Tuzo ya Nobel. Kwa kuwa chembe zinazotoka na zinazoingia hazilingani, na kwa kuwa potasiamu huvuja kidogo kurudi nje, ndani ya seli hubaki na umeme hasi wa kama millivolti 70 ukilinganisha na nje. Ni umeme mdogo mno, lakini kila seli ya neva mwilini mwako inao sasa hivi, na imeshauandaa kwa ajili ya kutuma habari.

Habari hiyo inatumwaje? Hapa lazima nimshukuru ngisi. Neva za binadamu ni nyembamba mno. Mikono ya watafiti wa zamani isingeweza kuingiza chombo ndani yake. Lakini ngisi ana uzi mmoja wa neva, ule unaomfanya ajirushe nyuma anaposhtuka, ambao unene wake hufika karibu milimita 1. Unauona kwa macho. Mwaka 1939 vijana wawili wa Kiingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walikaa Plymouth, mji wa pwani, wakapenyeza mrija mwembamba ndani ya uzi huo na kupima umeme wake wakati habari inapita. Vita vikaanza, wakaenda kufanya kazi nyingine. Waliporudi baada ya vita waliendelea pale walipoachia, na mwaka 1952 wakachapisha maelezo kamili. Kompyuta ya chuo chao haikuwa ikifanya kazi wakati huo, kwa hiyo Huxley alifanya mahesabu yote kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Wanafunzi mnaolalamika kuhusu zoezi la logi mzingatie hapo.

Walichokiona ni hiki. Kwenye utando wa uzi wa neva kuna vijilango vya aina mbili: vya sodiamu na vya potasiamu. Vimefungwa. Umeme unapobadilika kidogo mahali fulani, vijilango vya sodiamu vya mahali hapo hufunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, na ndani ya seli panageuka kutoka hasi kuwa chanya kwa muda usiozidi milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 1 au 2. Kisha vijilango vya sodiamu vinajifunga, vya potasiamu vinafunguka, potasiamu inatoka, hali inarudi kama ilivyokuwa. Lakini badiliko la pale limeshagusa sehemu ya jirani, na vijilango vya jirani vinafunguka, na jirani wa jirani, mpaka mwisho wa uzi.

Watu wengi hudhani neva ni waya wa umeme. Waya ukiwa mrefu, umeme hupungua njiani. Mimi nawaomba mfikirie moto wa nyika wakati wa kiangazi. Jani moja linawasha jani la pili, na moto unaofika mwisho wa shamba una ukali uleule wa moto ulioanzia barabarani, kwa sababu kila jani linaungua kwa nguvu zake lenyewe. Moto huo haurudi nyuma, maana nyuma pameshaungua. Na hauna nusu: ama nyasi zimeshika moto ama hazijashika. Neva ni hivyohivyo, isipokuwa nyasi zake huota tena kwa milisekunde chache. Mtu akikubonyeza kwa nguvu zaidi, habari moja moja haiwi kubwa. Zinakuwa nyingi kwa sekunde.

Sasa tumlete bunju.

Wavuvi mnamjua kuliko mtu yeyote. Akivutwa juu hujivimbisha, na mtoto wa pwani hufundishwa mapema kwamba yule haliwi. Sumu yake iko zaidi kwenye ini, mayai na ngozi. Haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga wala kukausha. Hutengenezwa na bakteria, kisha hujikusanya mwilini mwa samaki. Mwaka 1774 nahodha James Cook, akiwa New Caledonia katika bahari ya Pasifiki, alionja ini na mayai ya samaki wa jamii hii pamoja na wenzake. Usiku uleule mwili ulimwisha nguvu, viungo vikafa ganzi, na aliandika kwamba chombo kilichojaa maji na unyoya mmoja vilikuwa na uzito uleule mkononi mwake. Wao walionja tu, wakapona. Nguruwe wa merikebuni aliyekula matumbo ya samaki huyo alikutwa amekufa.

Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake wakaonyesha sumu hiyo inafanya nini: inaziba kijilango cha sodiamu. Basi, hakuna kingine. Inakaa mdomoni mwa kijilango kutoka nje, sodiamu haiingii, na moto hauwaki. Bunju mwenyewe haumizwi, kwa kuwa vijilango vyake vimetofautiana kidogo na vyetu na sumu haishiki vizuri.

Angalieni dalili zinavyofuata mantiki hiyo. Kwanza midomo na ulimi vinakufa ganzi, mara nyingi ndani ya saa moja. Kisha vidole. Kisha miguu inalegea, maneno yanakuwa mazito, mtu hawezi kumeza. Mwishowe misuli ya mbavu na kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu, inaacha kuvuta pumzi. Lakini moyo kwa kawaida unaendelea kupiga, kwa sababu vijilango vya sodiamu vya moyo ni vya aina nyingine ambayo sumu hii huishika kwa shida. Na ubongo? Sumu hii haipenyi kwa urahisi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Mgonjwa amelala kama maiti, hafumbui macho, hajibu akiitwa, na anaweza kuwa anasikia kila neno mnalosema juu yake.

Naomba wazee mniwie radhi nikikaa hapa kidogo. Nimewasikia watu, tena wenye busara, wakisema mbele ya mgonjwa wa namna hii, "Huyu kashakwisha, tuandae mengine." Hajakwisha. Kilichokwisha ni pumzi tu. Hakuna dawa ya kuitoa sumu ya bunju mwilini. Hata hospitali kubwa haina. Wanachofanya ni kumpumulia kwa mashine huku mwili ukiitoa sumu wenyewe, na anayevuka saa 24 za mwanzo kwa kawaida hupona. Kinachomuua ni dakika chache kati ya ufukweni na hospitali.

Daktari wa meno akikuchoma sindano ya ganzi anafanya kazi ileile ya bunju, ila kwa kiasi kidogo, mahali padogo, na dawa hiyo hukizibia kijilango kutoka upande wa ndani. Kuna jambo jingine la kushangaza kuhusu vijilango hivi. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za familia kadhaa za Pakistani ambazo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kusikia maumivu tangu kuzaliwa. Mmoja alikuwa mvulana aliyejulikana mitaani kwa kutembea juu ya makaa na kujichoma visu mkononi ili watu wampe pesa. Alikufa kabla hajatimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Wengine walikuwa wamejing'ata ndimi na midomo, wamevunjika mifupa bila kujua. Kasoro yao ilikuwa kwenye jeni moja linalotengeneza aina moja ya kijilango cha sodiamu, inayotumiwa na neva za maumivu. Tokea hapo kampuni za dawa zikaanza kutafuta namna ya kuziba vijilango vya maumivu peke yake bila kugusa moyo, misuli au ubongo, na Januari 2025 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya namna hiyo, inayoziba aina nyingine ya kijilango iliyo karibu na ile.

Kuhusu kasi nitasema kwa ufupi. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima neva ya chura akapata kama mita 27 kwa sekunde, wakati ambapo wakubwa wa sayansi waliamini kasi hiyo haitapimika milele. Neva zetu za haraka hufika mita 120 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 400 kwa saa, kwa sababu zimeviringishiwa mafuta yaitwayo mayelini na habari hurukaruka kutoka pengo hadi pengo badala ya kutambaa. Neva nyembamba zisizo na mayelini hutembea mita 1 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kidole unajua kwanza kwamba umejikwaa, unapata ule uchungu mkali, halafu kitambo kidogo unakuja uchungu mwingine wa kuwaka unaokufanya uchutame. Ni safari mbili kwenye njia mbili.

Njia hizi nazo zina adui wake. Vidudu vya ukoma hupenda kukaa ndani ya seli zilizoizunguka neva, hasa neva zilizo karibu na ngozi ambako mwili ni wa baridi kidogo. Ukoma haukati vidole vya mtu. Unaua hisia, mtu anashika sufuria ya moto bila kujua, anakanyaga msumari na kutembea nao, kidonda kinaoza. Dawa zake ni za bure duniani kote tangu 1995, na baka lisilosikia ukiligusa kwa unyoya ni la kupelekwa kituo cha afya leo, wala lisingoje mfungo uishe.

Sasa habari imefika mwisho wa uzi. Mbele kuna pengo. Seli hii na ile ya pili hazigusani. Umeme unaishia ukingoni. Je, habari inavukaje?

Mwanasayansi Otto Loewi, mwaka 1921, alikuwa Graz nchini Austria. Alisimulia mwenyewe kwamba jibu lilimjia usingizini. Akaamka, akaandika kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake. Usiku wa pili ndoto ikarudi, na safari hii hakurudi kulala, alikwenda moja kwa moja maabara. Akachukua mioyo miwili ya vyura, yote inapiga, ndani ya maji ya chumvi. Aliisisimua neva ya moyo wa kwanza inayopunguza mapigo, moyo ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyokuwa ndani ya moyo ule akayatia kwenye moyo wa pili, usio na neva iliyosisimuliwa. Nao ukapunguza mwendo. Kwa hiyo neva ilikuwa imemwaga kitu majini. Kitu hicho ni asetilikolini, na ndicho pia kinachomwagwa na kila neva inayoamrisha msuli wa mkono, mguu au ulimi.

Hatua ni hizi: habari inafika ukingoni, vifuko vidogo vya asetilikolini vinapasukia kwenye pengo, asetilikolini inanasa kwenye vipokezi vya msuli, msuli unakaza. Halafu kimeng'enya, yaani protini ya kuvunjavunja, kilichopo palepale kinaivunja asetilikolini mara moja, ili msuli upate kulegea na kungoja amri nyingine. Wanafunzi, shikeni hatua tatu: kumwaga, kupokea, kufagia. Kila moja ina adui wake.

Adui wa kupokea ni fira. Sehemu ya sumu ya fira hukaa juu ya vipokezi vya msuli na kuvizuia. Asetilikolini inamwagwa kama kawaida, haina pa kunasa. Kope zinashuka kwanza, kisha sauti, kisha shingo, kisha pumzi. Niseme hapa kwamba swila anayetema mate ana sumu ya namna nyingine: akikuuma, mara nyingi huozesha nyama badala ya kupoozesha. Msiwachanganye.

Wawindaji wa Amerika Kusini walijua hatua hii karne nyingi kabla yetu. Sumu yao ya mishale, kurare, huziba vipokezi vilevile. Na hapa kuna hadithi ya punda ambayo sitaiacha. London, mwaka 1814, Charles Waterton na wenzake walimchoma punda jike sumu hiyo. Ndani ya dakika chache akaanguka kama aliyekufa. Wakamtoboa koo, wakaingiza mivuo, wakampulizia hewa kwa mikono. Saa mbili baadaye punda akainua kichwa. Walipoacha kupuliza akaanza kuzimia, wakaendelea, mpaka akasimama mwenyewe. Aliishi hadi 1839. Sumu haikumwua kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumpumulia. Mimi ningependa hadithi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kila zahanati.

Adui wa kufagia ni dawa nyingi za kuua wadudu mashambani, zile za jamii ya oganofosfeti. Huziba kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, na kila amri inabaki pengoni ikijirudia. Machozi, mate, jasho, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kuchezacheza, kifua kujaa maji. Hospitali hutumia atropini, dawa inayotoka kwenye mimea ya ukoo mmoja na mnanaha. Mnaojua vituko vya mtoto aliyekula mbegu za mnanaha, mdomo mkavu, macho yamefumbuka mboni kubwa, anazungumza na watu wasiokuwepo, mmeona kinyume kamili cha sumu ya shambani. Kilichokuwa sumu kwa mtoto yule ni dawa kwa mkulima huyu, kipimo kikiwa mikononi mwa mtu anayejua. Msijaribu nyumbani.

Koboko hashambulii hatua moja. Sumu yake ina protini zinazoziba vijilango vya potasiamu, kwa hiyo uzi wa neva hauwezi kutulia na unamwaga asetilikolini kupita kiasi. Nyingine zinaziba kimeng'enya cha kufagia. Na nyingine zinakaa juu ya vipokezi kama za fira. Mwanzo misuli inachezacheza, mwisho inalegea. Haya yote yanaweza kutokea ndani ya saa chache, wakati mwingine chini ya hapo. Yapo mataifa yenye maabara kubwa yanayotumia vipande vya sumu hii kuchunguza neva. Sisi tunaye mitini, na sayansi yake tunaisoma kutoka nje. Nadhani vijana mlioko hapa mnaweza kulibadilisha hilo.

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba neva kazi yake ni kuamrisha tu. Kazi kubwa isiyoonekana ni kuzuia. Ukikunja mkono, neva zinazokaza msuli wa mbele zinafanya kazi, na wakati huohuo seli nyingine ndani ya ugwe-mgongo zinauzuia msuli wa nyuma usivute upande wake. Charles Sherrington wa Uingereza ndiye aliyelieleza hilo vizuri, na alitumia sumu ya pepopunda kulithibitisha.

Vidudu vya pepopunda vinakaa udongoni na kwenye mavi ya wanyama. Kutu ya msumari haina kosa, kosa ni uchafu ulioingia ndani ya kidonda kirefu kisicho na hewa. Sumu inaingia kwenye ncha za neva na kupanda juu, ndani ya uzi wenyewe, kinyume na amri zinakoelekea, mpaka ugwe-mgongo. Huko inaziacha seli zinazoamrisha na kuingia kwenye seli zinazozuia. Huyu ndiye adui wa kumwaga: inakata protini moja ambayo bila hiyo vifuko haviwezi kumwaga kilichomo. Vizuizi vikinyamaza, kila kelele, kila mwanga, kila mguso unakaza misuli yote kwa pamoja: taya linafunga, mgongo unapinda kama upinde. Kuna sumu nyingine, ya botulini, ambayo baadhi ya aina zake hukata protini ileile kabisa; lakini yenyewe hubaki kwenye neva za misuli, na mgonjwa wake analegea kama kitambaa. Kitendo kimoja mahali pawili, na matokeo yamekuwa kinyume. Ndiyo sababu ninasisitiza kuuliza "wapi" kabla ya kuuliza "nini".

Watoto wachanga walikuwa wakiipata pepopunda kwenye kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa vitu. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba imeitokomeza pepopunda ya uzazi na ya watoto wachanga, na Kenya mwaka 2018. Kilicholeta hayo ni sindano za mama wajawazito na wembe safi. Wakunga waliopo hapa, hongereni, na mkisikia mtu anapuuza sindano hiyo mwelezeni habari za mgongo uliopinda.

Mihogo nitaigusa kidogo kwa sababu si janga la upande wetu zaidi, lakini jirani zetu wa Congo wanaijua vizuri, na hapa Tanzania imewahi kutokea Tarime na Mtwara. Mihogo michungu isiyolowekwa wala kukaushwa vya kutosha, ikiliwa siku nyingi bila maharage, samaki wala nyama, humwachia mtu sumu ya sianidi ambayo mwili hauna cha kuipunguzia makali. Ghafla, mara nyingi kwa watoto na mama wa umri wa kuzaa, miguu inakakamaa na haitalegea tena. Ugonjwa huu unaitwa konzo. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, huko Congo. Zinazoharibika ni zile nyuzi ndefu zinazoshuka kutoka ubongo kwenda kwenye ugwe-mgongo. Akili inabaki timamu. Kinga yake haihitaji mashine: lowanisha unga wa muhogo, utandaze mwembamba juani kwa saa 2, sianidi itoke hewani, kisha songa ugali.

Na kifafa, kwa kuwa nimeulizwa na mama mmoja kabla sijapanda jukwaani. Kifafa ni kundi kubwa la seli za ubongo kuwaka kwa pamoja bila mpango. Hakiambukizi kwa mate wala povu wala haja. Mtu akianguka, mwondoe karibu na moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na hesabu dakika. Zikizidi 5 ni hospitali. Dawa zipo na wengi zinawatuliza kabisa.

Turudi kwa waliopoozwa. Aliyeumwa na nyoka: mlaze, fungia gango kwenye kiungo kilichoumwa kama mnavyofanya kwa mfupa uliovunjika, mwondoeni pete na bangili, mbebeni asitembee. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kukaza kamba mpaka mkono uwe mweusi. Aliyekula bunju: msimpe kitu cha kunywa kama hawezi kumeza. Wote wawili, pumzi ikianza kudhoofika, mpumulieni, na msiache njiani kwa sababu hajafumbua macho. Semeni naye, mwambieni mnampeleka wapi. Aliyekunywa dawa ya shamba, tofauti: usiweke mdomo wako kwenye wake, sumu itakupata wewe. Mvueni nguo zilizolowa, muosheni ngozi kwa maji mengi na sabuni, mlazeni ubavu, na chupa ya dawa ije hospitali pamoja naye.

Kwa mtu mzima ni pumzi moja kila sekunde 6. Kwa mtoto ni haraka zaidi, kila sekunde 2 au 3, na kwa kifua kidogo. Nimesema inatosha, na maneno hayajazi mapafu ya mtu. Muuguzi wa zahanati amekuja na mwanasesere wa mafunzo, yuko pale chini ya mwembe. Wavuvi mtangulie, wanafunzi wa kidato cha nne mfuate, na kila mmoja apulize mwenyewe mpaka aone kifua kinapanda.